Picha Iliyobaki Kabambare

Wiki tatu baada ya kumzika mke wangu Apolline, binti yetu Marcelline alileta mezani kopo la biskuti ninamotunzia picha zangu. Alitaka picha ya mama yake ya kutundika sebuleni. Nilimwacha azitoe moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa, ingawa nilijua atakachokuta. Mashini inapanda mlima. Mashini inatoka msituni. Treni ya mizigo, mabehewa kumi na manne. Moshi peke yake, treni yenyewe imekwisha kupita.

"Papa," alisema alipomaliza, "treni makumi ine na tatu. Na mama hata mara moja?"

"Mama yako hakupenda picha."

"Ulimuomba siku gani, akakatala?"

Marcelline amerithi tabia ya mama yake: akiuliza, anangoja. Mwishowe nilimwambia kwamba picha moja ipo, ileile aliyonisikia nikiisimulia mezani. Apolline hakuingia mwenyewe, kiliingia kivuli chake. Niliituma Kabambare mwaka 1954, kwa sababu huko kulikuwa na watu waliotaka kumzika mtu aliye hai. Na kabla ya kuituma nilishika makasi ili nikiondoe kivuli kile, maana niliona kinaharibu picha. Makasi nayakumbuka vizuri mkononi mwangu. Sikumbuki kama nilikata.

"Basi tutaenda Kabambare tuangalie," alisema Marcelline, akaanza kuzirudisha treni ndani ya kopo.

Sehemu kubwa ya haya niliiandika usiku wa kuamkia safari, ili nisichanganye ninachokumbuka na kile nitakachokiona. Mwisho wake niliuandika tuliporudi.

Nilikuwa karani wa kituo cha Mabingobingo, kaskazini ya Samba, kwenye reli inayotoka Kongolo kwenda Kindu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza miaka minne ya sekondari kwa mapadri wa Kasongo, na nilidhani wamenificha mahali ambapo hata barua hazitanipata. Mji haukuwapo. Palikuwa na nyumba moja ya matofali, pipa la maji, simu ya ukutani, na reli iliyotoka msituni upande mmoja ikaingia msituni upande wa pili.

Njia ilikuwa moja tu. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, mashinisti, mwendesha mashini inayovuta treni, hakuruhusiwa kupita kituo bila karatasi ya kumwambia kwamba mbele ni wazi. Simu ikilia, niliandika karatasi hiyo, nikaifunga kwenye duara la fito lenye ukubwa wa ungo, nikasimama kando ya reli na kuliinua. Treni haikusimama. Pale ni mwinuko mrefu, na mashini ya kuni ikisimama katikati ya mwinuko ule haiondoki tena mpaka ije nyingine kuisukuma. Ilipita kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Mashinisti aliinama nje, akapitisha mkono ndani ya duara na kulichukua, akanirushia chini lile la kituo alichotoka. Sheria ilisema karani mwenyewe ndiye aliinue, si mke wake wala mtumishi.

Siku zote ilianzia kwenye pipa. Kabla ya sauti, kabla ya moshi, maji ndani ya pipa yalitetemeka na kujichora miviringo. Kisha ndege walinyamaza. Kisha nilisikia pumzi, nzito, zikihesabika, na nyuma ya miti ukapanda moshi mweupe. Halafu ilitokea. Nilikaa Mabingobingo miezi ishirini na sita, treni nne kwa wiki, na sikuwahi kuizoea. Chuma kirefu kuliko nyumba yetu kilikuja kwa nguvu zake chenyewe, kimewashwa kwa kuni za msitu uleule kinaoupasua. Ilipopita karibu yangu, mbavu zangu zote zilitetemeka na joto lake likanipiga usoni, na mara nyingi nilijikuta ninacheka peke yangu kando ya reli, duara tupu miguuni.

Mzungu mmoja aliyepima madaraja aliniachia kamera ya sanduku iliyopasuka pembeni. Niliziba ufa kwa utomvu wa mpira, tabaka tatu, mpaka mwanga ukakoma kuingia. Filamu niliagiza Kindu, kwenye duka la Mgriki aliyekuwa pia akisafisha picha. Filamu moja ilikuwa na picha nane. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya maelezo niliyoishika kama katekisimu: jua liwe mgongoni, sanduku liwe kifuani, usitikisike, na kivuli chako kisiingie. Nilipiga treni ikiwa bado mbali au ikiwa imeshapita. Ilipokuwa pale pale, mikono yangu ilikuwa ya kampuni.

"Unapiga picha ya moshi," Apolline alinitania. "Moshi iko na ku jiko yangu. Kuya upige, haikimbie."

Yeye alikuwa binti wa Nyangwe, amesoma miaka mitano kwa masista. Alilima nyuma ya kituo, akimbeba Marcelline mgongoni, na treni ikipita alisimamisha jembe na kutazama. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akiona nini.

Mashinisti aliyepita mara nyingi kuliko wengine aliitwa Lukumani, mtu wa Kabambare. Kati ya kupokea duara na kutoweka kulikuwa na nafasi ya sentensi moja, nasi tuliitumia. "Karani, unanona! Reli inakulisha!" Jibu langu alilipata baada ya siku tatu: "Ni wivu! Moto inakukausha!" Naye siku tatu baadaye: "Bibi yangu anapenda mikavu!" Maongezi ya mwezi mzima yangeisha kwa dakika mbili, lakini sikuwa na rafiki mwingine, na nilimpenda.

Mwezi wa tano, treni yake ilizuiwa chini ya mwinuko kungoja njia. Alimwachia msaidizi wake mashini, akapanda kwa miguu hadi kwetu. Hakutania. Alitoa barua kifuani akanipa niisome; yeye hakujua kusoma, wengine walikuwa wamemsomea.

Iliandikwa na mwalimu mmoja wa Kabambare kwa niaba ya Hawa, mke wa Lukumani. Mashini moja ilikuwa imeanguka upande wa kusini, na mchochea moto wa Kabambare akafa. Msafiri fulani alifikisha habari kwamba aliyekufa ni Lukumani. Sasa baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo, amepanga siku: karanga zikishavunwa watazika mgomba mahali pake, kama ukoo wao unavyomfanyia aliyefia mbali, na Hawa atapewa mdogo wa marehemu. Hawa aliomba neno lolote, upesi.

"Lakini uko muzima!" alisema Apolline. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Niko muzima, shemeji. Miye najua, weye unajua, mashini inajua. Kabambare hawajui."

"Tutaandika barua leo leo," nilisema.

"Nimetuma mbili. Baba mudogo anasema karani yeyote anaweza kuandika jina ya mutu aliyekufa."

"Omba ruhusa, uende mwenyewe."

"Niliomba. Wananiambia mwezi ya kumi na mbili. Nikienda bila karatasi ni gereza, na nikifika mwezi ya kumi na mbili nitakuta ule mugomba umezikwa na bibi yangu iko kwa mudogo wangu. Mutu akizikiwa mugomba, kwetu amekwisha. Hata akirudi, hakuna mwenye kumupa kiti." Alikunja barua polepole. "Kwetu habari ya mutu wa mbali inaletwa na mwenye kumuona na macho. Anasimama ku jua, katikati ya kiwanja. Wazee wanakaa kivulini, wanamuuliza mupaka wachoke. Akikaa chini, ao akitafuta kivuli, habari yake inaanguka. Barua haisimame ku jua, karani."

Ungo wa Apolline ulikuwa umenyamaza. "Na picha?" aliuliza.

Lukumani aligeuka kunitazama. Sikuwa na filamu, niliyoagiza ilikuwa bado Kindu. Lakini nilimwahidi. Nilimpa mkono na kumwambia: ikifika tu, picha ya kwanza ni yako.

Filamu ilifika Jumatatu ya wiki ya pili. Kwa simu niliuliza zamu, nikaambiwa Lukumani atapita Alhamisi, saa tisa na nusu. Nilihesabu siku za kwenda Kindu na kurudi, kuvuka mto hadi Kasongo, kupata lori la Kabambare. Alhamisi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Picha ya baadaye ingekuta mgomba umekwisha kuzikwa.

Jumanne ilipita mashini mpya.

Hatukuwa tumeonywa. Ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, nyeusi, haijashika kutu popote, magurudumu yake yanafika kifuani mwangu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na mvuke wake ulijaa mwanga wa jua. Nilimpa mashinisti duara, nikakimbilia sanduku. Nilijiambia moja tu. Ikaingia kwenye kona, moshi ukaning'inia juu ya miti, nikapiga nyingine. Saa moja baadaye ilirudi kinyumenyume kwa majaribio, nikapiga tena, na tena. Sikuwa ninafikiri. Nilikuwa kama mtu anayekunywa maji. Nilipotazama kidirisha chekundu cha nyuma ya sanduku, niliona namba nane: saba zilikuwa zimekwenda. Ilibaki moja.

Apolline alikuwa nyuma yangu. Naye aliiona namba.

"Zéphirin," alisema. Hakuinua sauti. "Mutu anangojewa na kaburi, weye unapiga moshi."

Alinyosha mkono, nikampa sanduku.

"Alhamisi weye utashika duara yako," alisema. "Mashinisti anainama inje ku duara tu. Ni pale sura yake inaonekana, na pale mikono yako haina nafasi. Hii nitashika miye."

Jumatano nzima nilimfundisha bila kufyatua, maana hakukuwa na ya kuharibu. Jua mgongoni. Sanduku kifuani. Simama kama mti.

"Treni inatembea, na miye nisimame kama muti?"

"Ukitikisika, picha inakufa."

"Mm," alisema. Mwenye kumjua Apolline alijua kwamba sauti hiyo si kukubali.

Alhamisi pipa lilitetemeka saa tisa na dakika ishirini na tano. Nilisimama kando ya reli na duara langu. Apolline alisimama hatua kumi nyuma yangu, pembeni, jua la alasiri mgongoni mwake, Marcelline amefungwa kwa kitambaa, amelala. Mashini ilitokea. Nilikuwa nimeipokea mara mia mbili, lakini siku ile kwa mara ya kwanza niliogopa si chuma bali mtu aliyekuwa juu yake, mdogo namna ile, na kila alicho nacho duniani kimetegemea sanduku lililozibwa kwa utomvu. Ardhi ilianza kutikisika chini ya viatu vyangu. Lukumani alijitokeza nje hadi kiunoni, akanyosha mkono, akapaza sauti: "Shemeji, niangalie muzuri!"

Na kwa pembe ya jicho nilimwona Apolline akigeuka. Hakusimama kama mti. Aliligeuza sanduku pamoja na mwili wake wote, polepole, akimfuata Lukumani kama unavyomfuata kwa macho mtu anayekuaga. Duara lilichukuliwa mkononi mwangu, mabehewa yakapita moja baada ya jingine, na nilipoweza kusema nilisema, "Umetikisika!"

"Sikutikisika. Nilimusindikiza."

Picha ilirudi kutoka Kindu baada ya siku kumi na moja. Nilifungua bahasha nimesimama. Msitu ulikuwa umevutika kuwa mistari. Mawe ya reli yalikuwa mistari. Hata mkono wangu na duara vilikuwa ukungu. Katikati ya ukungu ule wote, sura ya Lukumani ilikuwa wazi, kila kitu mahali pake: kovu la nyusi, jino lililovunjika, mdomo umefunguka kwa lile neno "muzuri". Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesimama kama nilivyoamriwa na karatasi, na treni zangu zote zilikuwa zimetoka na uso wa moshi. Mke wangu aligeuka mara moja tu, akapata mtu.

Badala ya kumwambia hivyo, niliona chini ya picha kitu cheusi, kirefu, kilicholala juu ya mawe. "Kivuli chako kimeingia," nilisema. "Kimeharibu."

Dominique, mchuuzi wa samaki wa Nyangwe, alikuwa mlangoni na vikapu vyake. Ndiye angeivusha bahasha hadi Kasongo na kumpa dereva wa lori. "Karani," aliita, "wazungu wanangoja picha. Samaki yangu haingoje!"

Nilichukua rula na makasi. Apolline alikuwa ananikorogea uji wa muhogo wa kugundishia bahasha. Hapo simu ikalia ndani, mara tatu, wito wa kituo chetu, nikakimbia. Niliporudi, Dominique alikuwa ameondoka na bahasha, na Apolline anafuta vidole vyake kwenye kitambaa. Kati ya rula na simu, kumbukumbu yangu ina shimo.

Mwezi wa saba Lukumani alipita huku akipiga filimbi mfululizo, akapaza sauti: "Hawakuzika! Mushukuru bibi yako!"

Jioni nilimfikishia Apolline salamu. "Lukumani anakushukuru kwa kufyatua ile kamera."

"Kwa kufyatua," alisema, akacheka kidogo, akaendelea kuosha sahani.

Mwezi wa kumi na mbili Lukumani alipata likizo yake, kisha akahamishwa upande wa kusini. Sikumwona tena. Kamera nayo ilikufa na mvua za mwaka uliofuata, na kile kipande cha filamu ambacho Mgriki alikirudisha kililiwa na ukungu.

Tulikwenda Kabambare kwa pikipiki mbili, mimi na Marcelline. Njia ilituchukua siku nzima. Kupata nyumba hakukuwa kazi: tuliulizia kwa Lukumani wa mashini, na mtoto akatupeleka. Lukumani amefariki zamani, akiwa mzee, katika kitanda chake. Hawa yupo. Ni mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, kichwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Nilipomtajia jina langu na kituo, alinishika mikono yote miwili.

"Na yeye iko wapi?" aliuliza. "Bibi yako?"

Nilimwambia. Aliomba dua, kisha akaingia ndani bila kuombwa na kurudi na kifurushi cha kitambaa. Alikifungua magotini.

Picha ilikuwa imekuwa ya rangi ya chai. Lukumani alikuwa pale anapaza sauti. Nilitazama chini yake. Ukingo ulikuwa umekatwa. Ulikuwa umenyooka sana, kwa rula, kama nilivyokata vitu vyote maisha yangu yote. Kivuli hakikuwapo.

Marcelline aliweka mkono begani mwangu. Sikuweza kumtazama.

"Mubaki," alisema Hawa. "Haijaisha."

Kutoka kwenye mkunjo wa ndani wa kitambaa alitoa kipande cha karatasi, upana wa vidole vitatu, akakiweka chini ya picha. Viliungana bila nafasi. Juu ya mawe ya reli alisimama mwanamke aliyefanywa kwa kivuli, viwiko vimetoka nje kwa kushika sanduku kifuani, na begani mwake kimechomoza kichwa kidogo cha mtoto.

"Siku ile mugomba ulikuwa umekwisha kukatwa, uko chini ya ukuta," Hawa alisema. "Picha ilifika. Baba mudogo aliitazama, akasema picha ya mutu inabakia hata kisha yeye kufa, kwa misioni ameona picha za mapadri waliokufa zamani. Akarudisha. Nililia. Nikaikunguta ile bahasha, sijui nilitafuta nini. Hii ikaanguka."

Alikigeuza. Nyuma yake palikuwa na penseli iliyofifia, mwandiko wa wanafunzi wa masista, herufi zinazolala kulia: *Ni mimi Apolline, na mtoto mgongoni. Nimemwona Lukumani kwa macho yangu, yu mzima. Nimesimama juani.*

"Mwalimu alisoma mara tatu," Hawa aliendelea. "Baba mudogo akachukua hii, akatoka nayo inje ya kivuli, mupaka katikati ya kiwanja. Alipima kivuli na kidole yake. Akasema: huyu hakukaa. Amesimama kabisa, na jua yake inaonekana. Halafu akauliza wazee wenzake kama kuna mwenye swali. Hakuna." Alitabasamu. "Ule mugomba tukapa mbuzi."

Nilikuwa nimeshika kipande kile kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimekata. Nilikata nikakimbilia simu, na yeye akakiokota mezani, akatafuta penseli, akaandika, akakitia ndani ya bahasha na kuifunga kwa uji wa muhogo, yote hayo wakati Dominique anapiga kelele juu ya samaki wake. Alikuwa amesikia maneno ya Lukumani mara moja tu, akipepeta mchele. Mimi niliyasikia pia. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na mara nyingi nilisimulia mezani habari ya picha yangu iliyomwokoa mtu, naye aliniongezea mboga.

"Na huyu mudogo?" aliuliza Marcelline, kidole karibu na kile kichwa.

"Ni weye," nilimwambia. "Ulikuwa umelala."

Tulipoaga kesho yake, Hawa alifunga picha katika kitambaa chake na kukiacha kile kipande nje. Nilikataa. Nilisema vimekaa pamoja muda wote huu, visitengane kwa ajili yetu.

"Bwana yangu ninaye hapa," alisema. "Huyu alikuja kusimama tu kwa ajili yetu. Wazee walikwisha kumuuliza. Mumurudishe kwake."

Marcelline alikiweka kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisa. Njia ilikuwa mbaya, mashimo na mawe mpaka Kasongo, na dereva wake alimwambia mara mbili ashike kiti. Nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma na nilimwona njia nzima. Hakushika kiti. Alikibana kitabu kifuani kwa mikono yote miwili, viwiko nje, na kila pikipiki ilipoinama kwenye kona, aliinama nayo.